Msomaji akikikosoa kitabu ulichokichapisha mwenyewe

Ukichapisha kitabu kwa fedha zako hapa Zanzibar, lawama za wasomaji hazipiti kwa mtu mwengine kabla ya kukufikia. Hakuna kampuni ya kuzipokea wala mhariri wa kuzichuja. Ile nambari ya simu uliyoiweka nyuma ya jalada ili watu waagize nakala, ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia kukwambia kuwa hadithi imewachosha. Na aliyekwambia jana usiku, leo unakutana naye sokoni Darajani, au mko safu moja msikitini. Pengine mlisoma skuli moja.

Mimi pia naandika na kuuza mwenyewe, na nimeshuhudia waandishi wenye kipaji wakiweka kalamu chini kwa sababu ya maneno ya watu wawili watatu. Inaniuma sana, kwa sababu mengi katika maneno yale yangewafaa lau wangeyapa muda.

Kwanza, usijibu siku ile ile. Watu wa visiwa hivi tumelelewa na kujibizana: malumbano ya washairi, mipasho ya taarabu, kanga inayochaguliwa kwa maneno yake ili jirani ayasome. Mwandishi aliyeudhiwa mkono unamwasha kutunga fumbo. Ukiliweka kwenye stetasi ya WhatsApp, haipiti saa grupu zima linajua limemwendea nani. Yeye alisema tu kuwa kitabu hakikumpendeza; sasa umempa sababu ya kukuchukia wewe mwenyewe, na waliokuwa wakifikiria kununua wamepata ugomvi wa kufuatilia. Hata Goodreads, mtandao wa wasomaji ulioanzia Marekani, huwashauri waandishi wasibishane na wanaowapa maoni mabaya. Kama mtu amekuandikia moja kwa moja, "Ahsante kwa kukisoma, nimekufahamu" yatosha.

Wala usiwatume jamaa wakutetee. Amazon hairuhusu ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi kuandika maoni juu ya kitabu chake. Kwenye grupu letu hakuna wa kuyafuta maneno ya shemeji yako, lakini kila mtu anajua kuwa ni shemeji yako.

Ukishatulia, tafuta lawama inahusu ukurasa gani. "Kitabu kibaya" huwezi kukifanyia kitu. Mtu kasema lake, mwache nalo. "Nilipofika kwenye harusi nikachoka" ina mahali pa kwenda kuangalia.

Rafiki yangu mmoja wa Wete aliandika riwaya ya zama za majahazi. Ndani yake kijana anatoroka kwao Pemba kwenda Mombasa mwezi wa Januari, tanga limejaa, upepo uko nyuma. Mzee mmoja wa Kojani aliyekula chumvi nyingi baharini akamtumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, Januari ni kaskazi. Mombasa iko kaskazini yetu. Huo upepo wa nyuma umeutoa wapi? Hujapata kupanda chombo wewe." Rafiki yangu alinisikilizisha simu huku anatetemeka kwa hasira. Alichokishika ni ile sentensi ya mwisho, na zilizotangulia akaziacha zipite, nazo zilikuwa sahihi kabisa. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, huvuma tokea Disemba hadi Machi hivi na kuleta vyombo huku kwetu. Kusi, upepo utokao kusini, ndiyo inayovirudisha juu. Nikamwambia aisikilize tena sauti ile aishie kabla ya "hujapata kupanda chombo".

Katika chapa ya pili aliihamisha safari hadi Septemba, kusi bado inavuma. Lakini Septemba Pemba watu wamo kwenye karafuu. Kwa hivyo kijana sasa anatoroka wakati kila mkono unahitajika shambani, na hasira ya baba yake, ambayo mwanzo ilionekana imezidi kiasi, ikafahamika. Siku hizi sura zake za baharini huzipitisha kwa mzee yule kabla ya kuzipeleka chapani.

Kuna lawama nyengine ambayo mimi siikubali hata kidogo: "Kiswahili chako kibovu," kumbe msomaji kakasirishwa na bibi wa Micheweni anayesema Kipemba ndani ya hadithi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ndiyo iliyokisimamia. Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi vilibakia majumbani bila ya kupungukiwa na chochote. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wenyewe wametoa makamusi ya lahaja hizi. Bibi yako mwache aseme anavyosema. Ila kama wasomaji kadhaa wamekwama kwenye neno moja, panga mazungumzo yanayolizunguka ili maana ijitokeze yenyewe.

Kurasa zikiachia au herufi zikiwa ndogo mno, mbadilishie msomaji nakala haraka, kisha kazungumze na mpiga chapa. Hiyo ndiyo sababu nawasihi wenzangu wachape nakala kidogo kidogo.

Linalonipa tabu zaidi ni mzee anaposema kuna ukurasa usiofaa kusomwa na watoto. Hili usilimalize kwa simu. Mwendee kwake, mwamkie, msikilize mpaka mwisho. Kisha rudi uangalie: tukio lile likiondolewa, hadithi inapungua? Ikiwa haipungui, litoe. Ikiwa ndilo linalobeba dhulma unayotaka watu waione, libakishe, na umweleze kwa adabu kwa nini umelibakisha. Wengine hawatakubali, na utabaki kuwaamkia kama kawaida.

Weka nakala moja ya kitabu chako ambayo huiuzi. Kila lawama yenye mahali iandike kwa penseli pembeni mwa ukurasa wake, bila ya jina la aliyeisema, maana jina ndilo linalorudisha hasira. Nakala zikikaribia kwisha, kaa na kitabu hicho kabla hujaenda kwa mpiga chapa. Walipojikwaa watu watatu, paandike upya. Alipojikwaa mmoja, pasome kwa sauti ndipo uamue. Na chapa mpya ikitoka, wapelekee nakala waliokutajia kurasa, bila ya kuwatoza.