Saini yangu ya bandarini Kigoma inamsaidia nini aliyefungwa nchi nyingine?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mbeba mizigo hapa bandarini Kigoma, juzi katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi kaleta barua tusaini, ya kutaka wafanyakazi waliokamatwa nchi ya mbali kwenye maandamano ya kudai demokrasia waachiwe. Nikasaini. Sasa wenzangu wananicheka eti kalamu ya Kigoma itafungua jela gani, na mmoja ananitisha naweza kufukuzwa kazi. Nimekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea hata kidogo.

Wanaokucheka wasimulie ya Zimbabwe, si mbali kivile, Zambia tu iko katikati. Tarehe 13 Septemba 2006 shirikisho la wafanyakazi la kule, ZCTU, liliitisha maandamano Harare, wanadai mshahara wa kuishi, kodi ipungue na wafanyakazi wapate dawa za ARV, basi viongozi wakazolewa wakapelekwa kituo cha polisi cha Matapi wakapigwa vibaya mno, katibu mkuu wao Wellington Chibebe akavunjwa mkono. Yani kwa kudai mshahara na dawa! Vyama vya nchi nyingine vikapiga kelele, malalamiko yakafika Shirika la Kazi Duniani, ILO, na mwaka 2008 likaunda tume ya uchunguzi, kitu ambacho hawafanyi ovyo ovyo. Tume ikaja kusema wazi kwamba haki za vyama zinavunjwa kule kwa mpango. Kiukweli ilichukua miaka, sikudanganyi, na kuna watu waliumia katikati hapo. Chibebe mwenyewe mwaka 2011 akawa naibu katibu mkuu wa shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi, ITUC, kwahiyo aliyekuwa anaandikiwa barua akawa yeye ndo anawaandikia wengine.

Ila inayokuhusu wewe zaidi ni ya bandari ya Durban, Afrika Kusini, Aprili 2008. Zimbabwe wamepiga kura mwishoni mwa Machi, matokeo ya urais hayatoki, wapinzani wanapigwa, mara inaingia meli ya China, An Yue Jiang, ina silaha za kupelekwa huko. Zimbabwe haina bahari, mzigo lazima upitie kwa jirani, kama wa Burundi unavyopitia hapo kwenu. Wafanyakazi wa bandari wa chama cha SATAWU wakasema hatuushushi, na madereva wetu hawaubebi. Watu wa dini wakaenda mahakamani, mahakama ikazuia mzigo kusafirishwa, meli ikang'oa nanga na silaha zake. Hao ni wabeba mizigo kama wewe mwanangu, mimi nikiikumbuka hiyo bado nasisimka.

Kuhusu kazi yako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama kushirikiana na vyama vya kimataifa na inakataza mfanyakazi kubaguliwa kwa kushiriki shughuli halali za chama. Barua imekuja kupitia tawi, kwahiyo omba nakala uitunze nyumbani, na ukitishwa tena mwambie katibu siku hiyo hiyo, usikae nayo moyoni.

Halafu angalia kama barua ina majina ya waliokamatwa na tarehe waliyokamatwa. Kama haina, mrudishie katibu aongeze kabla haijatumwa, maana mkubwa wa gereza akiulizwa habari za "wafanyakazi" tu anaweza kujibu hana, akiulizwa fulani bin fulani yuko wapi inabidi atafute jibu.