Usimtafute Babu kwa Jina Moja

Wengi wanaoanza kusaka habari za babu mzaa babu hukimbilia Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na jina moja mkononi, kisha hurudi mikono mitupu. Mafaili ya kule yamepangwa kwa idara na wilaya. Wakulima na wakata mkonge hawana faili zao. Nenda huko mwishoni, wilaya na miaka ukiwa umeshaijua.

Anza kwa shangazi na bibi, nao waulize majina yote ya huyo mzee: la utotoni, la ubatizo, la utani, la kambini. Kijana wa Songea aliyekwenda Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, aliandikwa jinsi karani alivyomsikia, na karani huenda hakujua Kingoni hata kidogo. Kando ya kila jina andika nani kakutajia, na kama aliona mwenyewe au alisimuliwa.

Mwaka usiuulize moja kwa moja, maana utapewa tarakimu ya kukuridhisha tu. Uliza hivi: "Vita ya Maji Maji ilipofika, alikuwa anabebwa mgongoni, anachunga mbuzi, au ameshaoa?" Mchunga mbuzi wa miaka 6 hadi 10 mwaka 1905 alizaliwa kati ya 1895 na 1899. Andika ncha zote mbili, usijichagulie ya katikati. Pwani kuna mtego mwingine: miaka 33 ya Kiislamu ni takriban 32 ya kawaida, na aliyezaliwa "mfungo sita" alizaliwa Rabiul Awwal, mwezi wa Maulidi.

Kama alikuwa Mkatoliki, kitabu cha ubatizo parokiani ni hazina kubwa. Vya zamani viliandikwa Kilatini, lakini maneno machache yanatosha: "natus" ni alizaliwa, "filius" ni mtoto wa kiume, "patrinus" ni msimamizi wa ubatizo. Ukiona "circa" kabla ya mwaka, jua padre alikadiria. Kisha soma pambizo, mahali wageni wengi wanaparuka. Parokia iliyofungisha ndoa hutuma taarifa kwenye parokia ya ubatizo, nayo huandikwa pale pembeni. Kwa hiyo kijana aliyebatizwa Peramiho akaoa Tanga anaweza kuonekana akiwa Tanga bila wewe kutoka Peramiho. Soma pia mistari ya siku ileile, huenda nduguze walibatizwa pamoja naye. Ila msimamizi mmoja akijirudia kwa watu kumi, usimwingize kwenye ukoo haraka. Mara nyingi huyo ni katekista, mwalimu wa dini.

Jina la kijiji nalo hupotosha. Watu wengi walihamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1973 hadi 1976, kwa hiyo kijiji cha leo huenda babu hakukijua kabisa. Uliza mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, yako wapi, na nani amezikwa huko. Nenda na mzee anayepajua, mhesabu makaburi na miembe, mchore ramani palepale. Mvua chache tu na kichuguu kinafanana na kaburi.

Sasa nyaraka. Kwenye mafaili ya Wajerumani, Lushoto ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Sauti ya "j" yetu waliiandika "dsch" au "dj", ndiyo maana Ujiji huonekana kama Udjidji. Kabla ya kuomba faili, andika jina la babu kwa kila tahajia utakayoweza kuikisia.