Sukari ya Mtoto Ikitulia, Usiache Insulini

Muda mfupi baada ya binti yangu kugundulika na kisukari aina ya kwanza na kuanza insulini, sukari yake ilitulia kabisa. Kliniki wakapunguza dozi, kisha wakapunguza tena. Hapo simu za ndugu zikaanza: mtoto kapona, mpumzisheni na sindano. Shangazi yake akatoka Mbagala na chupa ya dawa ya mizizi. Tulimpokea kwa heshima, maana alikuja kwa mapenzi, lakini sindano hatukuacha. Mzazi mwenzangu, nawe usiache.

Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na soda wala pipi. Kinga ya mwili huzigeukia seli beta, zile zinazotengeneza insulini ndani ya kongosho. Chembe za kinga zinazovamia hapo humwaga kemikali za kuitana vitani, ziitwazo saitokaini. Zinazotajwa sana ni interleukini-1 beta, TNF alfa na interferoni gama. Zikikutana, madhara huwa makubwa. Seli beta hulazimika kuzalisha nitriki oksaidi nyingi, ambayo huvuruga uzalishaji wa nishati ndani yake. Kazi ya kutengeneza insulini huielemea. Interferoni nayo huifanya ioneshe alama nyingi zaidi juu ya ngozi yake, kwa hiyo seli inajichongea yenyewe kwa chembe T, askari wa kinga wanaoiwinda. Ikizidiwa, inakufa.

Lakini siku ugonjwa unapogundulika, si zote zimekufa. Nyingine zi hai ila zimelemazwa na uvimbe wa vita hiyo pamoja na sukari iliyopanda mno. Ukimchoma mtoto insulini, zinapata nafuu na kurudi kazini. Kipindi hicho madaktari hukiita fungate. Huweza kudumu wiki kadhaa au miezi, kwa wengine hata zaidi ya mwaka. Insulini inazipunguzia mzigo tu, vita haijazimwa, na seli zilizobaki zinaendelea kupungua.

Dawa ya kuchelewesha vita yenyewe ipo. Teplizumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, nayo hutolewa kwa dripu kabla dalili hazijaanza. Katika utafiti ilisogeza mbele ugonjwa kwa takriban miaka 2. Hata hiyo haiponyi, sembuse mizizi.

Kwenye fungate, hatari ya kila siku ni sukari kushuka. Sisi glukosi haitoki kwenye begi la shule. Dozi apunguze daktari, kwa kuangalia daftari la vipimo, si jirani. Kwa joto hili la Dar, kama huna friji au umeme unakatika, weka chupa ya insulini ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, kivulini. Ukiiweka kwenye friji ikaganda barafu, itupe.

La mwisho ni homa. Mwili ukipambana na maradhi mengine, saitokaini na homoni za msukosuko hupandisha sukari, hata kama mtoto hali kitu. Kwa hiyo usiruke insulini kwa sababu hajala. Pima mara nyingi zaidi na uwapigie kliniki. Akitapika, akilalamika tumbo, akihema kwa nguvu au pumzi ikinukia kama matunda, mkimbize hospitali usiku huohuo. Wakisema ni malaria, sawa, wapime malaria, ila usitoke hapo kabla hawajamtoboa kidole na kupima sukari na ketoni, yaani asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua.