Magic kwa anayeanza: kijani na nyekundu

Mkuu, umeuliza umwanzishe vipi mpwa wako Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi zenye rangi mbalimbali: mpe yeye kijani, wewe shika nyekundu. Seti mbili za kadi 40 zinatosha kabisa: ardhi 17 (kadi zinazotoa mana, yaani nishati ya kulipia kadi nyingine), zinazobaki ziwe viumbe vingi na kadi chache za kushtukiza, zile unazoweza kutupa hata zamu ya mwenzako. Zile za kadi 60 achana nazo kwa sasa, na Commander, aina ya mchezo huu yenye kadi 100, ndiyo usimwoneshe kabisa.

Vijana ninaowafundisha Jumamosi hapa Majengo, Moshi, wanaushika mchezo haraka wakianza na kadi kama Grizzly Bears, kiumbe dubu: mana mbili, nguvu 2, uimara 2, basi. Hakuna maelezo ya kusoma, na kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinamsumbua hilo ni jambo kubwa. Ukimtupia dubu wake Shock, kadi nyekundu ya kupiga 2, anajibu kwa Giant Growth, kadi ya kijani ya kuongeza nguvu 3 na uimara 3, dubu anapanda hadi 5/5 (nguvu 5, uimara 5) na anapona. Hapo ameshaelewa kwamba kadi iliyotupwa mwisho ndiyo inayofanya kazi kwanza, wala hukumhubiria kanuni.

Bluu iwekeni kando. Kazi yake kubwa ni kuzuia kadi za mwenzako zisifanye chochote, na mgeni akizuiwa mara tatu mfululizo anakata tamaa.

Ila hakikisha seti zote mbili zina nguvu sawa, na mbadilishane kila mchezo ukiisha. Ule wa kwanza chezeni kadi za mkononi zikiwa wazi mezani, umweleze kwa nini umechagua hii ukaacha ile.