Nimeishi miaka mitatu na paka mwenye kisukari, niruhusu nikujibu kwa urefu

Pole sana ndugu yangu. Umesema paka wako wa miaka 12 amekutwa na kisukari, daktari ameandika insulini mara mbili kwa siku, na usingizi umekuruka kwa kuwaza sindano. Umeuliza pia asipokula asubuhi umchome au umwache, na kama kumchoma kila siku si kumtesa mzee huyo. Mimi nilimuuguza Chui, dume aliyehasiwa, mnene, tangu akiwa na miaka 11 hadi figo zilipomchukua akiwa na 14.

Sindano ndiyo niliyoiogopa kuliko vyote, na ndiyo niliyoizoea haraka kuliko vyote. Ni nyembamba mno. Unainua ngozi ya ubavuni mpaka ifanye kama kihema, unaingiza ncha ndani ya hicho kihema, unasukuma taratibu, unatoa. Kesho unabadilisha ubavu. Chui alikuwa anachomwa kichwa kikiwa ndani ya bakuli, hata masikio hayageuki. Wiki ya kwanza niliwahi kutoboa ngozi ikatokea upande wa pili, dawa ikamwagikia manyoya. Hilo likikupata, au akichomoka katikati na hujui kiasi gani kimeingia, usirudie. Subiri zamu inayofuata. Kukosa dozi moja sukari itapanda kwa siku hiyo tu, lakini dozi mbili kwa mpigo zinaweza kumuua usiku huohuo.

Nasema hivyo kwa sababu yametukuta. Jioni moja mume wangu alimchoma, akaenda kuoga. Mimi nikaingia, nikaona saa imefika, nikamchoma tena. Baada ya saa tatu hivi nikamkuta Chui kwenye korido anayumba, macho yameduwaa, miguu ya nyuma inatetemeka. Mashine ya kupima sukari ilisoma 2.1 mmol/L, chini mno. Nilichovya kidole kwenye asali nikampaka kwenye ufizi, kidogo kidogo. Usimmiminie paka aliyelegea kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Aliporudiwa na fahamu za kutosha kumeza nikampa chakula, kisha tukamkimbiza kwa daktari, akalazwa mpaka asubuhi. Kushuka kulikotokana na insulini hakuishi kwa asali peke yake, kwa kuwa dawa bado inafanya kazi mwilini.

Kuanzia siku hiyo daftari lilifungwa kwa kamba kwenye mpini wa friji. Anayechoma anaandika saa, yuniti na jina lake kabla hajarudisha chupa. Saa zetu zilikuwa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Chagua saa ambazo utaziweza hata siku ya uchovu, zipishane saa kumi na mbili.

Sasa kuhusu kutokula. Tulimpa chakula kwanza, tukamwangalia, ndipo tukachoma. Akigoma kabisa, sikumpa dozi yake ya kawaida kabla ya kupima na kumpigia daktari. Ila usingoje siku hiyo ndiyo uulize. Mwombe daktari wako akuandikie mapema: akila nusu nifanyeje, asipokula nifanyeje, na sukari ikiwa chini ya ngapi nisichome kabisa. Karatasi hiyo ibandike pale pale kwenye friji. Na akiwa hali, anatapika na amelala tu kama gunia, hiyo ni dharura. Inawezekana mwili umeanza kuchoma mafuta na ketoni, yaani tindikali zinazotokana na mafuta hayo, zimejaa kwenye damu. Mpeleke siku hiyohiyo.

Kitu kingine kinachoweza kuleta maafa kimyakimya ni mabomba ya sindano. Kuna insulini ya U-40 na ya U-100, yaani yuniti 40 au 100 katika kila mililita, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka alama ya 1, umempa yuniti 2.5. Kila unaponunua mapya, soma namba ya kwenye bomba na ya kwenye chupa.

Kupima nyumbani kulinipa amani kuliko kitu chochote. Paka akiwa na hofu sukari hupanda yenyewe, kwa hiyo namba ya kliniki inaweza kukudanganya. Ndiyo maana madaktari hupima pia fruktosamini, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili tatu zilizopita. Nyumbani unapasha ukingo wa sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu, unatoboa pembeni mwa mshipa mdogo, tone moja linatosha. Mashine za binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo kwa damu ya paka, zipo zilizotengenezwa kwa wanyama. Vyovyote, tumia ileile kila siku, na usipandishe dozi mwenyewe kwa sababu ya namba moja mbaya.

Chakula chetu kilikuwa cha kopo, chenye protini nyingi na wanga kidogo. Usibadilishe ghafla bila kumwambia daktari, kwani wanga ukipungua sukari hushuka na dozi ya jana huwa kubwa mno leo. Wapo paka ambao, wakianzishiwa tiba mapema na kupunguza uzito, huacha insulini kabisa. Chui hakufika huko. Alishuka kutoka yuniti 3 hadi 1, akabaki hapo.

Huenda ukasikia habari za dawa za kumeza. Marekani iliidhinisha beksagliflozini Desemba 2022 na velagliflozini mwaka 2023, lakini kule zimekusudiwa paka ambao hawajawahi kutumia insulini, na zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikionekana nzuri. Kwa hiyo kama unazitaka, muulize daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Kama ni kumtesa? Chui alipogunduliwa alikuwa anatembea kwa kukanyaga visigino vya nyuma, kwa sababu sukari ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu. Alikuwa anamaliza bakuli la maji na kulala kando yake. Maji yalikuwa ya kwanza kupungua, ndani ya wiki chache. Miguu ilichukua miezi. Nilikuwa jikoni nikachota chakula chake, nikageuka, nikamkuta amesimama juu ya kiti, mahali ambapo hakuwa ameparukia kwa karibu mwaka mzima, ananiangalia kwa sababu saa moja ilikuwa imepita na mimi nimechelewa.