Kabla hujanunua .300 WSM kwa ajili ya kuwinda Tanzania

Msimu wa uwindaji ukikaribia, vijana wanaojifunza kazi ya uwindaji bingwa, na wenyeji wenye leseni zao, huniuliza sana kuhusu magnamu fupi, yaani risasi zenye nguvu nyingi kwenye ganda fupi na nene. Wamewaona wageni wakishuka kwenye ndege ndogo na bunduki fupi, nyepesi, na wamesikia kwamba zinapiga sawasawa na magnamu kubwa. Nimewaongoza wateja wenye bunduki hizo kwenye miombo ya Rungwa na kwenye mbuga za Umasaini, na mimi mwenyewe nimeitumia mojawapo, .300 WSM (Winchester Short Magnum), kutafuta nyama ya kambi. Naipenda. Lakini kama pesa yako inatosha bunduki moja tu, usinunue hiyo. Na kama unachowaza ni nyati, iondoe kichwani kabisa.

Winchester waliitoa .300 WSM mwaka 2001. Ganda lake lina urefu wa milimita 53 hivi, wakati lile la .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 lina milimita 66 na nusu. Kilichopungua kwenye urefu kimeongezwa kwenye unene. Ukipima kichwa, kile kipande kinachoruka, cha greni 180, yaani gramu 11.7, zote mbili hukirusha kwa kasi ya mita 900 hivi kwa sekunde, na ile fupi hutumia baruti pungufu kidogo. Jambo linalonifurahisha ni asili yake: ganda hili limetokana na .404 Jeffery, risasi ya Waingereza ya mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo maaskari wa wanyamapori wa Afrika Mashariki waliitumia miaka mingi kwa tembo na nyati waharibifu. Limekatwa, likabanwa shingo, likarudi huku likiwa na kichwa chembamba.

Kwa hiyo usidanganyike kwamba unanunua nguvu mpya. Mnyama aliyepigwa na .300 WSM na yule aliyepigwa na .300 Winchester Magnum hawana tofauti. Unachonunua ni bunduki yenyewe: bolti, lile komeo linalosukuma risasi ndani ya mtutu, inasafiri safari fupi zaidi, mwili wa bunduki unapungua, na uzito nao unashuka kidogo. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayetoka kambini alfajiri na kurudi jua likiwa limezama, anayepanda na kushuka kwenye gari mara nyingi, anayepenya vichaka akimfuata tandala. Katika kazi hiyo bunduki fupi inakulindia mikono, na mikono isiyochoka hulenga vizuri.

Sasa nyati. Kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, kaliba (upana wa kichwa cha risasi) ndogo kabisa inayokubalika Tanzania ni .375, yaani milimita 9.5 hivi. Hakuna magnamu fupi ya familia ya WSM inayofika hapo, kubwa yao, .325 WSM ya mwaka 2005, ina kichwa cha milimita 8.2 tu. Nimesikia watu wakibishana kwa hesabu za nishati, kwamba .300 WSM haiko mbali na risasi ya kampuni ya Holland & Holland, .375 H&H. Hesabu hizo hazimzuii nyati aliyejeruhiwa. Nyati anahitaji kichwa kizito, kipana, kinachovunja bega na kuendelea hadi kwenye moyo bila kupinda. Ukimjeruhi kwa risasi nyembamba, wa kwanza kuingia kichakani kumtafuta ni mfuata nyayo, naye ana watoto nyumbani. Ukitaka ufupi na bado umuwinde nyati kihalali, tazama .375 Ruger ya mwaka 2007. Si magnamu fupi, lakini risasi nzima ina urefu wa milimita 85 dhidi ya 91 za .375 H&H, na kichwa cha greni 300 kinatoka kwa kasi kubwa zaidi kidogo. Tatizo lake ni upatikanaji, na hapo ndipo ushauri wangu wote unapoelemea.

Kambi ya uwindaji iko mbali na duka. Begi la mteja likibaki uwanja wa ndege wa nje, bunduki ikafika na risasi zisifike, nani atamwokoa? Kama anatumia .375 H&H au .30-06, mara nyingi mtu kambini, au kwenye kitalu cha jirani, atakuwa na pakiti kabatini. Kama anatumia .300 WSM, atakaa siku nzima akitazama njia ya ndege. Nimeshuhudia hilo, na mwishowe mgeni aliwinda na bunduki ya kuazima ambayo hakuizoea. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 za risasi kwa msafiri mmoja, na kibali chako hutaja kaliba na idadi, kwa hiyo huwezi kuja na shehena. Kwa mwenyeji hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kila pakiti ni ya kuagizwa.

Halafu kuna hatari ya risasi yenyewe kufa sokoni. .300 WSM imesimama imara. .270 WSM bado inapatikana, ingawa ni kwa shida kuliko zamani. Lakini ndugu zao wengi wamefifia: 7mm WSM, .325 WSM, zile za Remington zilizotoka wakati uleule, na .300 na .338 RCM za Ruger za mwaka 2008. Zilikuwa risasi nzuri, hazikukosa kitu kwenye shabaha. Zilikosa wanunuzi. Mwaka 2018 ikaja 6.5 PRC, na mwaka 2021 ikaja 6.8 Western, iliyotengenezwa kwa kulifupisha ganda la .270 WSM ili libebe vichwa virefu na vizito. Zote mbili ni nzuri kwa masafa marefu, lakini sitamshauri mtu wa hapa kwetu kununua risasi changa hadi aone kama itadumu.

Jambo la pili linalonisumbua ni ulishaji, yaani risasi kutoka magazini kuingia kwenye mtutu. Risasi nene hazilali vizuri kwenye magazini. Bunduki nyingi za .300 WSM hubeba tatu tu, nyingine mbili. Zaidi ya hapo, ukingo wa kitako cha ganda ni mwembamba kuliko ganda lenyewe, milimita 13.6 dhidi ya 14.1, na bolti ikisukumwa kwa haraka inaweza kuteleza juu ya ukingo huo bila kuikamata risasi. Unasikia bolti imefunga, unavuta kifyatuo, kimya. Kwa swala hiyo ni fedheha tu. Linganisha na .375 H&H ya mwaka 1912, ambayo ganda lake refu limechongwa kwa mteremko: linateleza kuingia na linatoka kirahisi hata bunduki ikiwa ya moto. Kabla ya kulipia magnamu fupi, jaza magazini na vuta bolti kwa nguvu, kisha kwa upole, kisha bunduki ikiwa imelazwa ubavu. Fanya hivyo kwa risasi bandia za mazoezi, na rudia mpaka uamini. Muuzaji asipokuruhusu, nenda kwa mwingine.

Joto nalo lina neno lake. Risasi hizi zimejazwa kwa shinikizo kubwa, na baruti nyingi hupandisha shinikizo zikipata moto. Pakiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana, mwezi wa kumi, inaweza kukupa bolti nzito kufunguka na ganda lililong'ang'ania. Wanaojijazia wenyewe risasi nchi za baridi, wakajaza hadi ukomo, ndio huumbuka zaidi wakifika huku. Weka risasi kivulini, kwenye mkanda wa kiunoni au begi la ngozi.

Kuhusu vichwa, hapa ndipo magnamu yoyote hujenga au kuharibu. Kwenye miombo mara nyingi unapiga kutoka mita 80, pengine chini ya hapo. Kwa umbali huo kichwa laini cha risasi ya haraka hupasuka begani. Kinatengeneza jeraha pana, la juujuu, na mnyama anakimbia. Pofu dume anaweza kufika kilo 900, na pundamilia ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Chagua kichwa cha shaba tupu, au kile ambacho madini yake ya risasi yamegandishwa kwenye koti la shaba, au chenye ukuta katikati kama Nosler Partition, ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1948. Greni 180 zinatosha karibu kila kitu. Kwa pofu mimi hupendelea 200. Kasi ya ziada ya magnamu inaanza kulipa Umasaini, ukipiga mita 250 na kuendelea. Chini ya hapo, .30-06 yenye kichwa hichohicho kwa mita 820 kwa sekunde itafanya kazi ileile, na haitakupiga teke kiasi hicho.

Teke lenyewe usilidharau. Bunduki nyepesi na risasi ya magnamu maana yake bega linapokea zaidi, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kuvuta. Wengi hufunga breki kwenye mdomo wa mtutu ili kulipunguza. Nawaomba sana muiache. Sauti inarudishwa pembeni na nyuma, na pembeni yako amesimama mfuata nyayo na askari wa wanyamapori wasio na kinga ya masikio. Wanasimama hapo msimu baada ya msimu. Nawajua wazee waliofanya kazi hii ambao sasa inabidi uwaite mara tatu. Kama bunduki haivumiliki bila breki, chukua kaliba ndogo zaidi.

Kwa hiyo, kijana unayeanza: nunua .375 H&H kwanza, yenye bolti ya mtindo wa Mauser inayoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Itakuruhusu kisheria kuwinda mnyama yeyote aliye kwenye leseni yako, na risasi zake utazipata. Ukija kupata pesa ya bunduki ya pili, hapo tuzungumze kuhusu .300 WSM. Na wewe ambaye tayari unayo, iwe uko Dodoma au unarudi likizo kutoka Marekani, huna sababu ya kuiuza. Chagua pakiti ya aina moja ya kichwa, andika namba ya toleo lake, na ununue za kutosha misimu kadhaa kutoka toleo hilohilo. Gawa risasi kwenye mabegi mawili yanayosajiliwa, kama kanuni za shirika lako zinaruhusu. Ukifika kambini, piga shabahani mita 100 kabla ya kwenda popote, kwa sababu darubini iliyosafiri haiaminiki, na umalize kwa risasi moja ukiwa umesimama, bunduki umeiegemeza kwenye kijiti cha miguu mitatu, maana hivyo ndivyo utakavyopiga kesho yake.