Kiraka cha kuziba uvujaji wa kumbukumbu ya kerneli: usikiahirishe

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuchelewesha kiraka (sasisho la kurekebisha kasoro) cha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwenye seva yenu ya Linux, kwa kuwa kinaziba kasoro ya kuvujisha taarifa na si ya kumpa mtu mamlaka ya root (msimamizi mwenye uwezo wote). Mimi nisingechelewesha, hasa kama wanafunzi wana akaunti humo.

Kasoro hizi huwa ndogo ajabu. Kerneli inatenga kipande cha kumbukumbu bila kukisafisha, inajaza sehemu tu, kisha inakinakili chote kwenda kwa programu ya mtumiaji. Baiti zisizojazwa zinabeba mabaki ya kazi iliyotangulia: pengine nywila, pengine anwani za kerneli yenyewe, yaani mahali ilipo kwenye kumbukumbu. Anwani ndizo mali. Kerneli za sasa hujipanga mahali tofauti kila mashine inapowashwa. Mvamizi akipata anwani moja ya msimbo wa kerneli, zilizobaki ni hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Mwaka 2020 kasoro ya Bluetooth yenye namba ya usajili CVE-2020-12352 kwenye Linux ilivujisha kumbukumbu tu. Mtafiti Andy Nguyen akaiunganisha na kasoro nyingine, CVE-2020-12351, akaendesha msimbo wake ndani ya kerneli ya kompyuta iliyo karibu bila mwenye kompyuta hiyo kubofya chochote.

Kama leo haiwezekani kabisa, weka mipangilio ya kerneli kernel.dmesg_restrict kuwa 1 na kernel.kptr_restrict kuwa 2. Mipangilio hii haizibi kasoro, inaficha anwani zinazoonekana wazi tu. Na ukishasakinisha kiraka, washa mashine upya, kisha hakikisha toleo la kerneli kwa amri uname -r. Kerneli ya zamani huendelea kufanya kazi hadi mashine iwashwe upya.